Inhela ya Mama na Beseni la Mikaratusi

Ukitaka kuniudhi, niambie mikaratusi inatibu pumu. Niambie tu, halafu ukae mbali kidogo.

Sina ubaya na mti wenyewe. Ubaya wangu ni na jiko la mama. Mama anaishi Kamenu, hapa Thika, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba: vyumba vitatu vya mawe mbele, na nyuma jiko la mabati lisilo na dirisha. Mbona halina dirisha? Kwa sababu dirisha linaingiza baridi. Hilo ndilo jibu nimepewa tangu nikiwa mdogo. Mle ndani kuna mafiga matatu, kuni mbichi zinazolia, na kwenye kona kuna kuku sita wanaolala humo kwa sababu eti wakilala nje wataibiwa. Basi ni katika jiko hilo, kila asubuhi na kila jioni, mama yangu wa miaka sabini na moja, mgonjwa wa pumu, alikuwa anainama juu ya sufuria kuchemsha majani ya mikaratusi ya kufungua kifua. Dawa ya kupumua inapikwa mahali ambapo hata mimi mzima siwezi kukaa dakika tano. Nikisema hivyo ananiambia sikuzoea moshi kwa sababu nilienda kuishi Ruiru.

Nilimnunulia gesi, ya meko mawili, na mtungi ukiwa umejaa. Nikaifunga mwenyewe, nikamwonyesha kuwasha, nikaondoka nikijisifu. Niliporudi baada ya wiki mbili, nilikuta gesi imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna redio na Biblia.

"Mami, hiyo ni ya kupikia," nikamwambia.

"Najua. Ni ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wakija." Akaelekea jikoni, akaniacha nimesimama na redio.

Nieleze kwa nini nilikuwa mkali hivyo, maana ndugu yangu husema nilizaliwa nimekunja uso. Julai ya mwaka jana, baridi ikiwa ile ya ukungu usioisha, ile tunayoiita gathano, nilienda kumwona mama Jumapili baada ya kanisa. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya jiko, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nikamuuliza nini mbaya. Alijaribu kunijibu, neno likakatika katikati. Mama yangu anaweza kuongea tangu uji wa asubuhi mpaka taarifa ya habari ya usiku bila kupumzika, na siku hiyo hakuweza kumaliza neno moja. Nilimpakia kwenye pikapu yangu ya kubebea simiti nikaendesha hadi kliniki nikipiga honi njia nzima.

Walimfunga kinyago usoni, kile chenye bomba na mashine inayonguruma, kinachotoa ukungu wa dawa. Alilala pale na ukungu ukimzunguka pua na mdomo, na pole pole rangi ikarudi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliniita kando, akanionyesha inhela mbili, zile pampu ndogo za kupulizia mdomoni. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima, kwa sababu hiyo ndiyo inatuliza mirija ya kifua isivimbe. Ya bluu ni ya wakati kifua kimebana. Akanionyesha namna ya kutikisa, namna ya kuvuta, namna ya kushikilia pumzi, kisha kusukutua mdomo. "Utamwonyesha akiamka vizuri," akasema. Nikasema sawa.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulala nalo vizuri mwaka mzima. Moshi, kuku, vumbi na baridi, vyote hivyo vinachokoza kifua chake. Mwili wake umechoka. Akirudishwa hapa Julai ingine akiwa katika hali kama hii, yeye kama daktari hawezi kuniahidi chochote. Basi hayo ndiyo niliyoyabeba. Sikuwa nagombana na mama kwa ajili ya redio. Nilikuwa nahesabu miezi kabla Julai irudi.

Sasa niwaambie habari ya kuuguza mtu ambaye kila mtu anajua dawa yake.

Jirani wa mama upande wa juu ndiye mwenye mikaratusi. Anamletea matawi mabichi kila Jumatatu, kifungu kizima, kama anayelisha mbuzi. Ati alimtibu shemeji yake kwa mvuke, shemeji akapona kabisa, akatupa inhela. Nikamuuliza shemeji yuko wapi siku hizi. Akasema alihamia Nakuru. Huwezi kumshinda mtu kama huyo, maana shahidi wake daima yuko mbali. Na huyo huyo ndiye aliyemwambia mama kwamba ukizoea inhela, mapafu yanakuwa mavivu, yanakataa kufanya kazi bila kusukumwa. Mapafu mavivu! Nilitaka kumuuliza kama macho yake huwa yanazembea akivaa miwani, lakini mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Ndugu yangu ndiye wa pili. Anaishi Kahawa Wendani, ana vyumba anavyowakodishia wanafunzi, na nadhani wapangaji wake wakiwa darasani yeye hana kazi ingine ila kutafuta tiba kwenye simu. Grupu ya familia aliigeuza duka la dawa. Leo kitunguu saumu na asali. Kesho mafuta ya habasoda, kijiko kimoja kabla jua halijachomoza, kana kwamba jua likichomoza habasoda inaona haya. Kesho kutwa mayai ya kware, mabichi, saba. Siku moja alimletea mama chupa ya kitu cheusi kinachonuka kama mafuta ya breki, na mama akainywa kwa sababu kijana wake ametoka mbali.

"Wewe unaua mama," nikamwambia kwa simu.

"Mimi? Wewe ndiye unaenda kumkumbatia umejaa simiti mpaka kwa kope," akanijibu. "Huko dukani kwako Ruiru ni vumbi tupu. Ukiingia kwa mama hata kuku wanapiga chafya."

Nilikata simu. Nilikata kwa sababu alikuwa na haki, na hakuna kitu kinachoniudhi kama ndugu yangu akiwa na haki. Ninauza vifaa vya ujenzi. Ruiru kila mtu anajenga, gorofa zinamea mpaka kwenye mitaro, na mifuko ya simiti inayotoka dukani kwangu inatoboka na kumwaga unga wake kila mahali. Tangu siku hiyo nikawa nabeba gauni safi kwenye mfuko, nabadilisha kabla sijashuka kwenye pikapu. Ndugu yangu sikumwambia. Hakuna haja ya kumwongezea kichwa.

Basi nikaanza vita. Niliondoa zulia sebuleni, lile zito la manyoya, nikaacha simiti tupu inayopigwa deki. Mama alilia juu ya zulia kama aliyefiwa. Niliondoa vitambaa vya kufuma kwenye makochi, ishirini na tatu, na kila kimoja nilipokikung'uta nje kilitoa vumbi la kutosha kupanda viazi. Nikawajengea kuku kibanda chao, cha mbao na waya, na kufuli. Nilifagia lile jiko mpaka mabati yakaonekana rangi. Wiki iliyofuata vitambaa vilikuwa vimerudi, vimeoshwa na kupigwa pasi. Na kuku walikuwa jikoni. Kibandani, nyuma ya kufuli, mama alikuwa amehifadhi kuni zisilowe na mvua.

"Kuku walikuwa wanaona baridi, maitu," akasema.

Ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu mimi ni binti wa pili na kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake. Kwa hivyo tangu nikiwa mtoto, mama yangu ananiita mama. Alipokuwa akinifunga shali kifuani nikienda shule kwenye baridi alikuwa anasema, maitu funga vizuri. Na sasa ndiye alikuwa ananibembeleza hivyo kuhusu kuku.

Jambo moja tu sikuwa na wasiwasi nalo, inhela. Hizo nilizisimamia mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi, nikipeleka mzigo kwa mteja wa upande wa Thika, nilikuwa napitia Kamenu. Naacha injini ikinguruma langoni, naingia mbio, naweka inhela mezani, nasema "Mami, hii hapa, usisahau, asubuhi na jioni," naangalia kama ile ya zamani imepungua, naondoka. Na ilikuwa imepungua kila wakati. Asubuhi nikifungua duka nilikuwa nampigia.

"Umetumia?"

"Nimetumia."

"Ya kahawia?"

"Ya kahawia, maitu."

"Haya."

Na bado alikohoa. Aprili alikohoa, Mei alikohoa. Akipanda ngazi tatu za sebuleni anasimama kushika ukuta. Nilikuwa namsikia kwenye simu, kile kifilimbi kidogo nyuma ya kila neno. Dawa anatumia, inaisha, na kifua hakifunguki. Nani mwingine wa kulaumiwa ila moshi? Nani ila jirani na matawi yake? Niliwalaumu wote. Nilimlaumu mama mwenyewe, kwa sauti kubwa, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilimwambia ni mkaidi. Nilimwambia anataka kutuacha makusudi. Siku moja nilimwambia kama anataka kufa afe basi, lakini asinifanye niwe natumia petroli. Ngai! Nilisema hivyo kwa mzazi wangu, naye akanimiminia chai.

Juni ikaingia na ukungu. Alhamisi moja mchana mteja alighairi mzigo wake nikiwa tayari niko Thika, nikaona nipitie kwa mama bila kupiga simu. Nilizima injini. Sijui kwa nini siku hiyo niliizima; nadhani ni kwa sababu sikuwa na mahali pa kukimbilia.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi kidogo. Katikati ya chumba palikuwa na rundo. Blanketi, lile zito la mistari ambalo wakwe walimpa kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya dada yangu, limefunika kitu kilichokaa kwenye kigoda, na chini yake mvuke unatoka pembeni. Harufu ya mikaratusi ilinipiga machoni. Nikasimama. Nilikuwa tayari nimeshavuta pumzi ya kuanza kelele, na hapo nikasikia sauti chini ya blanketi.

Pss.

Kimya. Anavuta pumzi, anakohoa. Halafu tena: pss.

Nilivuta lile blanketi kwa nguvu. Mama alikuwa ameinama juu ya beseni la maji moto na majani, uso unamwagika jasho, na mkononi ameshika inhela ya kahawia, ameielekeza chini, anaipuliza ndani ya beseni.

"Haiya!" akasema. "Umeniogopesha."

Mimi, ambaye nimewahi kumfukuza fundi wa mabomba kwa maneno matupu, nilikaa kwenye kochi juu ya kitambaa cha kufuma, nikamwangalia. Mwaka mzima. Inhela baada ya inhela, nimeleta mimi, zimeingia kwenye maji ya majani zikamwagwa nyuma ya jiko, kwenye mizizi ya mipapai. Ile mipapai lazima inapumua vizuri kuliko mtu yeyote Kamenu.

"Mami," nikasema. "Nani alikuambia uweke kwa maji?"

"Hakuna."

"Si nilikuuliza kila siku kama umetumia! Kila siku ya Mungu! Ukaniambia umetumia!"

"Na nimetumia." Alijipangusa uso kwa pindo la leso. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Uliniuliza kama nimetumia, maitu. Hukuniuliza natumia aje."

Kisha akanieleza, pole pole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Wiki ile alipotoka kliniki alijaribu kuiweka mdomoni. Ikampiga kooni kwa nguvu, baridi na chungu, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akaogopa. Alinipigia simu. Nikamwambia niko na wateja, nitampigia. Sikupiga. Basi akakaa chini akafikiria. Akakumbuka kule kliniki dawa ilimponya ikiwa ukungu, ikimzunguka uso ndani ya kinyago, akiivuta bila haraka. Yeye hana mashine. Lakini ana maji moto, ana blanketi, na mvuke ni ukungu. Akaona akipulizia dawa ndani, blanketi litaizuia isitoroke. Na majani aliweka kwa sababu jirani alisema yanafungua, kwa hivyo yafungue njia halafu dawa ipite.

"Ni mbaya?" akaniuliza.

Mimi siikumbuki ile simu. Nimejaribu. Nimepekua kichwa changu kama mtu anayetafuta risiti, na siioni. Kwangu ilikuwa simu kama zile zingine zote, mteja mbele yangu anataka misumari ya inchi nne, mama sikioni, nikasema nitakupigia. Daktari alinionyesha mimi. Aliniambia mimi, utamwonyesha. Niliwalaumu kuku. Nilivilaumu vitambaa vya kufuma, jamani.

Kesho yake nilifunga duka, siku ya kazi, nikampeleka kliniki. Daktari alikuwa yule yule. Nilimwambia yote, hata ya simu, maana nilitaka mtu anigombeze. Hakunigombeza. Alimgeukia mama akamuuliza kuhusu blanketi, akauliza maswali kama mtu anayetaka kujua kweli, na mama akaeleza kwa fahari.

"Mama, hukukosea sana," daktari akasema. "Ulitaka kuishika dawa isitoroke ili uivute polepole. Hilo ni wazo zuri sana. Shida ni kwamba maji yanaimeza, na blanketi ni kubwa mno."

"Unasikia?" mama akaniambia. "Unasikia wewe?"

Nikasema nasikia.

Daktari alichukua chupa tupu ya soda, ya plastiki, ile ya nusu lita. Alikata tundu kwenye kitako, sawasawa na mdomo wa inhela, akailaza inhela ndani ikakaa imebana. Akampa mama shingo ya chupa aiweke midomoni, akapuliza mara moja. Ukungu ukatanda ndani ya chupa. "Sasa vuta polepole, toa, mara tano. Hakuna haraka. Haiendi popote." Mama akavuta. Hakukohoa. Akaishusha chupa akaiangalia kwa mwanga wa dirisha, akaigeuza, akauliza kama ya lita moja haiwezi kuwa bora zaidi. Kisha akasukutua mdomo, akatema kwa adabu, akauliza kama anaweza kupeleka moja kwa jirani.

Kuhusu mikaratusi daktari alimwambia wazi kwamba mvuke haufungui mirija iliyobana kwa pumu, na harufu kali kama ile inaweza hata kuibana zaidi. Chai ya tangawizi yenye asali anywe, ni moto na ni tamu na haina shida, mradi asiiweke mahali pa inhela. Alimfundisha pia kupumua akiwa amekaa wima, ameinama mbele kidogo, kuvuta kwa pua na kutoa kwa midomo iliyokunjwa, polepole kama anapoza uji. Mama alijifunza hilo mara moja, kwa sababu amepoza uji wa watoto wanne. Tulipotoka alikuwa anapoza uji hewani njia nzima mpaka nyumbani.

Msidhani alibadilika akawa malaika. Ilibidi tujadiliane kama watu wa mahari. Mchele, mboga na chai vitapikwa kwa gesi. Githeri ya mahindi na maharagwe haiguswi, githeri ni ya kuni, lakini itapikwa nje, chini ya mabati manne niliyosimamisha bila ukuta. Vitambaa vilibaki sita, na vinaoshwa kila Jumamosi. Mablanketi yanaanikwa juani jua likitoka, hata lile la ruracio. Kuku walirudi kibandani na ufunguo wa jiko la zamani ukakaa kwangu Ruiru, jambo ambalo amewaambia watu wote wa kanisa. Jirani bado analeta mikaratusi. Mama anaipokea, anashukuru, anawatupia mbuzi wa nyumba ya pili, nao hawaitaki.

Na mimi sipigi simu ya "umetumia" tena. Jumamosi naenda, nazima injini, nakaa kwenye kochi namwangalia akitumia. Inanichosha, nisiwadanganye. Kati ya pumzi ya pili na ya tatu anasimamisha kila kitu aniambie ng'ombe wa nani amezaa. Namwambia Mami, malizia, halafu uniambie. Anasema atasahau.

Halafu Julai ikaja.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa tena, na ukungu ule ule umekaa juu ya mabati. Alikuwa ameenda nyuma kuokota mayai. Nilikuwa sebuleni nabandika chai kwenye gesi nikasikia kimya ambacho si chake. Nilipotoka nilimkuta pale pale, kwenye ngazi ya jiko, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda. Yai moja lilikuwa limevunjika karibu na kiatu chake.

Nilikimbia kuchukua ya bluu na chupa. Nilijua kila kitu. Nilikuwa nimeonyeshwa mara mbili. Lakini inhela haikuingia kwenye tundu. Niliigonga kwenye kitako cha chupa mara tatu, mara nne, na machozi yananishuka, na mimi namwambia mama tulia, tulia, kwa sauti ya mtu ambaye hajatulia hata kidogo. Akanyoosha mkono. Alininyang'anya vyote viwili. Akatikisa inhela, akaipachika, akaketi wima, akafunga midomo kwenye shingo ya chupa, akapuliza. Mara moja. Akavuta polepole, akatoa. Ya pili. Ya tatu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope na gauni langu safi, nikihesabu kwa vidole. Akangoja kidogo, akapuliza tena, nikahesabu tena.

Kile kifilimbi kikaanza kushuka. Nilikuwa natazama midomo yake, rangi ya midomo yake tu, na ufunguo wa pikapu ulikuwa tayari umenikata kiganja. Pole pole ikarudi, kahawia kwanza pembeni, halafu katikati. Akashusha chupa. Akaweka mkono wake juu ya kifua changu, pale alipokuwa akifunga shali.

"Na wewe pumua, maitu," akasema.

Nilikuwa nimeshikilia pumzi wakati wote huo bila kujua.